Bastola Zinazongoja Wimbo

Yunisi hakuwahi kupaka bastola yenye risasi, wala hakukusudia kuanza Alhamisi ile.

“Magazini ya risasi iache nje kwenye kizingiti, shemeji. Halafu vuta nyuma nione tundu.”

“Nimeshaangalia mara mbili.”

“Hizo zako. Na mimi nataka niangalie.”

Singano akavuta, akainamisha, akamwonyesha. Alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Yunisi, na ndiye kiongozi wa walinzi wa mashamba hapo Kwemvua: mwanamume mrefu, mwenye mzaha hata msibani. Yunisi alilichungulia lile tundu tupu kama mtu anayechungulia mtungi kabla ya kuteka, ndipo akaipokea bastola na kuilaza kwenye meza ya chumba cha kwaya, palipotandikwa gazeti.

Bastola hulengwa kwa vitu viwili. Kuna kinundu kimoja mbele, juu ya mdomo, na mwanya nyuma, karibu na mkono. Anayelenga hukiweka kinundu katikati ya mwanya, basi. Jua likiwa kali hakuna shida. Lakini Kwemvua jua kali lilikuwa limebaki hadithi ya wazee. Mlima uliacha kuingoja mvua siku nyingi. Minara ya Mamlaka ya Ukungu ilivuta unyevu kutoka bondeni na kuumwaga juu asubuhi na jioni. King'ora kilipolia, weupe ulishuka, msitu ukanywa. Chemchemi zilirudi, kabichi zikawa kubwa hata kichwa kimoja kilimlemea mtoto, na watu walimshukuru Mungu kwa hilo kila Jumapili. Ila ikifika saa kumi alasiri dunia nzima ilikuwa kijivu, na nguruwe pori hawakuwa tena na haja ya kungoja giza. Walishuka mashambani wakati watu bado wanapalilia. Bunduki ndefu haigeuki kwenye vichochoro vya iliki, kwa hiyo walinzi walipewa bastola, na kinundu cheusi ndani ya mwanya mweusi, kwenye kijivu kile, hakuna jicho lililokiona.

Walikuwa wamejaribu mengi. Vioo vya doti nyekundu vililowa, doti ikatawanyika ikawa ua. Unga unaokunywa jua na kuwaka gizani ulikosa jua la kunywa. Rangi nyeupe ilipotea kwenye weupe. Mwishowe maabara ya Mamlaka ilizalisha rangi hai kutokana na ule uyoga wa kwenye magogo yaliyooza, unaotoa mwanga wa kijani msituni. Mbegu yake ikaletwa kwa Yunisi aitunze, kwa sababu ilitaka mtu asiye na haraka.

Alichovya unyoya wa kuku kwenye chungu, akaweka tone moja mbele, nono, na mawili nyuma, madogo kama punje za ulezi. La mbele sharti lishinde ya nyuma kwa mwanga. Ukiyalinganisha, jicho halijui lishike lipi.

“Haya. Nenda kwenye giza uangalie.”

Singano aliingia nayo nyuma ya kabati la majoho, akajifunika koti kichwani.

“Shemeji, hii imelala.”

“Imelala vipi?”

“Imelala usingizi wa pono. Sioni kitu. Labda umenipaka mlenda.”

Yunisi alikwenda mwenyewe, akaingiza kichwa chini ya koti. Giza tupu. Siku zote hizo za kulisha na kuchuja, halafu rangi imekufa?

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Mama Esteria, mwenye sauti ya kwanza katika kwaya na mwenye fimbo mkononi kwa sababu ya mguu wake mbovu. Aliingia kama alivyoingia siku zote, wimbo ukiwa umemtangulia:

*Nani kaamka kabla ya jua?*

Chini ya koti, matone matatu yakawaka. La mbele lilikuwa kijani kibichi, zuri, kama jicho la paka aliyeridhika.

*Ni Bwana, kaamka, atungoja njiani,* aliitikia Singano mle mle kotini, bila kufikiri. Kwemvua ndivyo ilivyo. Mtu akianzisha ubeti, asikiaye haachi ukaning'inia; ataitikia hata kama yuko chooni.

Wimbo ukaisha, matone yakazimika.

“Mama Esteria,” Yunisi alisema akitoka kotini, nywele zimevurugika, “rudia.”

“Nirudie nini? Na nyinyi wawili mnafanya nini humo kabatini?”

“Imba, mama, nakuomba!”

Esteria akaimba. Yakawaka. Akanyamaza, yakafa. Akaimba kwa mluzi, yakasitasita. Akaimba kwa sauti kamili, ukuta wote ukawa kijani.

Yunisi akaketi kwenye benchi. Alikuwa ameelewa, na kicheko kilikuwa kinampanda. “Maabara walisema niitunze kwenye chumba chenye joto. Joto liko hapa, ukuta huu umegusana na jiko la mchungaji. Na naja kuilisha uji jioni, nyinyi mkianza mazoezi. Kila jioni, wimbo na uji. Wimbo na uji. Sasa ikisikia wimbo inajua chakula kimefika.”

“Kumbe ina njaa!” Singano alipiga paja. “Jamani, tumezaa mwanakwaya!”

Mlinzi mwenzake, Mwinjuma, aliyekuwa akilinda magazini pale kizingitini, alichungulia. “Sasa mimi Mwislamu nifanyeje? Nibatizwe ndipo nione kinundu?”

“Jaribu ya kwenu,” alisema Yunisi.

Mwinjuma alikohoa, akavuta kaswida moja tamu, ya Maulidi. Matone yakawaka sawasawa, pengine hata zaidi.

“Haina dhehebu,” alisema, akarudi kwenye magazini zake ameridhika.

*

Afande Lwitiko, aliyefika chumba cha kwaya jioni hiyo, hakucheka. Alikuwa mkuu wa ulinzi wa Mamlaka, mtu wa Tukuyu, miwani safi na koti la kijivu lisilo na kunyanzi hata baada ya safari. Aliisikiliza habari yote amesimama.

“Mama, nisahihishe kama nimesikia vibaya. Mlinzi wangu akutane na mwizi wa nyavu za kunasia ukungu, mwenye bunduki, kwanza aimbe?”

“Ubeti mmoja tu, afande,” alisema Mama Esteria. “Wa pili akipenda.”

“Mama yangu, mimi nimembeba mtu.” Aliivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. “Kwenye mlima mwingine. Kijana wangu alisikia vishindo kwenye nyavu za ukungu. Akauliza, nani hapo? Hayo tu. Sauti yake ndiyo iliyowaonyesha alipo. Nilimbeba mpaka barabarani, akafia mgongoni kwangu. Ndiyo maana siwezi kucheka nanyi, mnisamehe.”

Singano aliitazama sakafu.

“Pole sana, afande,” alisema Yunisi. “Mungu amlaze pema.”

“Amina. Kuna chungu kingine?”

Yunisi angeweza kusema hakuna. Lakini hakuwa mtu wa hivyo. “Kipo. Kile cha mwanzo, kiko nyumbani kwangu juu ya dari la jikoni. Hakijawahi kusikia kwaya. Kinawaka muda wote, kimya kimya.”

“Basi ndicho hicho ninachokitaka.”

Mama Esteria aliburuta kigoda, akaketi mbele ya afande, akaunyoosha ule mguu na kupandisha kitenge kidogo, kovu likaonekana kwenye shavu la mguu. “Unamjua aliyenipiga hapa?”

“Sijui.”

“Huyo hapo.” Alimnyooshea Singano fimbo. “Nilikuwa nimeinama nachimba magimbi, ukungu umeshuka. Akaona kitu cheusi kimeinama, akasema nguruwe. Tangu siku hiyo ananipasulia kuni, mwenyewe kajihukumu. Akifika mlangoni namwambia, karibu, nguruwe wako anakusalimu.”

“Mama Esteria, kila mgeni lazima asimuliwe?” Singano alilalamika.

“Kila mgeni. Sasa afande, niulize kwa nini nilipigwa mguu, si kifua.”

“Kwa nini?”

“Mwambie, Singano.”

Singano hakuinua uso. “Sikukiona kinundu. Nilikisia.”

“Alikisia! Angekuwa na hicho chungu chenu cha kimya, kinachowaka kama taa ya harusi, asingekosa shabaha. Mngekuwa mnanikumbuka kwenye ibada ya wafu.”

Yunisi alikuwa anasikiliza huku anasafisha unyoya wake, na ndipo jambo lile lililokuwa likimzungukia tangu asubuhi likakaa sawa. “Afande,” alisema, “rangi hii inamwangazia mlinzi bastola yake. Haimwangazii aliye mbele.”

“Aliye mbele ni kazi ya macho na akili ya mlinzi.”

“Kwenye ukungu macho hayapo.”

“Na kwenye wimbo uhai haupo.” Aliivaa miwani. Hakuwa mkali; alikuwa amechoka. “Jumamosi, saa kumi na moja kasorobo, kwenye shamba la iliki. Niletee bastola zinazowaka zenyewe nizijaribu. Zikifaa, milima yote itapata. Zisipofaa, hakuna rangi. Walinzi watarudi kukisia, na nguruwe mnawajua.”

*

Ijumaa Yunisi aliviweka vyungu vyote viwili mezani kwake, madirisha yamefungwa. Cha mwanzo kiliwaka tulivu, kizuri. Cha pili kilikuwa giza. Alipiga magoti akaomba muda mrefu aonyeshwe njia, na alipoinuka vyungu vilikuwa vile vile na hakuna aliyesema kitu. Lakini jambo moja lilikuwa limemjia wazi: roho itakayokuwa mbele ya mwizi si yake. Ni ya Singano. Asichague peke yake.

Akajifunga kitenge, akaenda kwa Mama Esteria, ambako alijua atamkuta Singano akipasua kuni nyuma ya nyumba.

“Shemeji, weka shoka.”

“Nani kafa?”

“Hajafa mtu. Nataka kukuuliza kitu, na sitaki mzaha.”

“Ah. Hilo la pili ni gumu,” alisema Singano, lakini akaliweka shoka chini.

Yunisi alimweleza bila kupunguza. Akipaka ile ya kimya, Singano ataona kinundu wakati wowote na mwizi hatamsikia. Ila ataona vizuri pia siku atakapomlenga mtu akidhani ni mnyama. Akipaka ile ya wimbo, lazima afungue kinywa kwanza. Mtu atamwitikia na atapona. Nguruwe hataitikia. Lakini mwizi pia atamsikia, na mwizi haitikii kwa wimbo.

“Kaka yako angekuwa hai ningemwuliza yeye hivi hivi,” alimaliza. “Sikufichi kitu. Nikikupaka ya wimbo, inaweza kukuua.”

Singano aliokota kijiti, akakivunja vipande vidogo vidogo. “Watoto wangu watatu, shemeji.”

“Nawajua. Nimewabeba wote.”

“Wa mwisho hata meno hajaota vizuri.”

“Najua.”

Ndani ya nyumba Mama Esteria alikuwa anatwanga na kujiimbia. Singano alisikiliza kidogo.

“Siku ile,” alisema, “baada ya kupiga, nilikimbia kuchukua nguruwe wangu. Nilikuwa nafurahi! Nilishaanza kugawa nyama kichwani, mguu kwa mchungaji, mbavu kwetu. Nikafika, nikakuta kitenge.” Alizitupa zile takataka za kijiti. “Nipake ya wimbo. Mwizi akinipiga, huo ni uovu wake, atamjibu Mungu. Mimi nikimpiga mama mtu, nitamjibu nani?”

Yunisi alimsogelea. Akamshika bega tu.

“Ila nichagulie wimbo mfupi,” alisema Singano akiliinua shoka. “Ule wenye beti nane, nguruwe watakuwa wamemaliza shamba na kurudi kulala.”

Kutoka ndani, kinu kikanyamaza. “Nguruwe wako anasikia kila kitu!” alipaza sauti Mama Esteria.

*

Jumamosi nusu ya kijiji ilikuja kutazama. Walisimama nyuma ya kamba, wanakwaya wamevaa vitenge vya sare kana kwamba ni kipaimara. Ndani ya iliki Mwinjuma alikuwa ametundika nguruwe wa maboksi.

Yunisi alimkabili afande kabla ya lolote. “Yako nimeipaka kutoka chungu cha kimya, kama ulivyoagiza. Ya Singano ni ya wimbo. Mwenyewe kachagua, nimemwambia yote. Nisingependa ugundue baadaye ukasema nimekudanganya.”

Lwitiko alimtazama, akatikisa kichwa taratibu, lakini hakumkatalia.

Alianza yeye. Kijivu kilikuwa kimeshakolea kiasi kwamba maboksi yalionekana kama madoa ya moshi. Aliinua bastola, matone yakiwaka imara, akapiga boksi moja baada ya jingine bila kusitasita. Watu wakashangilia. Yunisi naye akapiga makofi. Kazi nzuri ni kazi nzuri, na ile ilikuwa imetoka mkononi mwake.

“Hii ndiyo,” alisema Lwitiko. Kwa mara ya kwanza alitabasamu. Akatoa magazini, akaiacha bastola mezani kama sheria inavyotaka, akaingia ndani ya iliki peke yake kwenda kuona matundu kwenye maboksi.

Ndipo king'ora kikalia.

Hakuna aliyekitegemea mapema vile. Chemchemi ya juu ilikuwa imepungua wiki hiyo na mnara ukaongezewa muda, na habari hiyo haikuwa imemfikia mtu yeyote pale shambani. Weupe ulishuka kama mtu anamwaga pamba. Maboksi yakapotea, iliki ikapotea, afande akapotea.

“Afande!” aliita Mwinjuma.

Hakuna jibu, mnara ulikuwa bado unanguruma. Uliponyamaza, walisikia kitu kingine. Matawi yalikuwa yanavunjika upande wa chini, na kulikuwa na mkoromo mzito. Nguruwe walikuwa wameshuka na ukungu wao, kama kila siku.

Singano alitia magazini, akasogea hatua chache ndani ya kichochoro. Yunisi alikuwa nyuma yake, upande, akiona kile anachokiona yeye: kitu cheusi, chini, kimeinama, kinatambaa kati ya mashina. Na mkoromo ulikuwa huko huko.

Bastola ilipanda. Ilikuwa giza tupu, haina kinundu.

*Nani kaamka kabla ya jua?* aliimba Singano.

Matone matatu yakawaka mkononi mwake. Kile cheusi kikakaa katikati yake, wazi kabisa.

Yunisi alisikia pumzi zikivutwa nyuma yake. Kwaya nzima ilikuwa imefungua vinywa. Ndivyo walivyozaliwa, mtu ameanzisha, lazima waitikie! Na wakiitikia wao, Singano atajuaje nani amejibu? Aligeuka upesi, akainua mkono wake mmoja juu na kwa mwingine akamziba mdomo Mama Esteria, ambaye tayari alikuwa ametoa “Ni Bwa...”

“Nyamazeni!” alinong'ona. “Mwacheni aliye mbele ajibu!”

Wakanyamaza kwa taabu kubwa. Mama Esteria aliuma pindo la kitenge chake, macho yamemtoka.

Kile kitu cheusi kiliacha kutambaa.

Halafu kutoka chini pale, kati ya mashina ya iliki, ikaja sauti nene ya mwanamume, inatetemeka kidogo. Tuni ilikuwa ile ile. Maneno yalikuwa ya Kinyakyusa, lugha ya Tukuyu.

Bastola ikamwacha papo hapo. Ikahamia kushoto, palipokuwa na mkoromo. Singano aliimba mstari wa pili, kwa nguvu, matone yakiwaka kama moto wa kijani, na upande huo haukuitikia mtu. Ukaitikia kwa kukoroma na kuja. Dume kubwa lilitoka kwenye weupe kichwa chini, likielekea ilikotoka ile sauti nene. Singano alipiga, akapiga tena, na likaanguka karibu na afande kiasi kwamba tope lake lilimrukia usoni.

Afande hakuacha kuimba. Aliumalizia ubeti mzima akiwa amepiga magoti, na hapo sasa Yunisi akaushusha mkono, na kwaya ikapasuka kama bwawa.

Walipomtoa, koti lake la kijivu lilikuwa halitamaniki na mkononi alikuwa ameshika miwani yenye kioo kimoja.

“Ilidondoka nilipoinama kwenye boksi,” alisema. “Nilikuwa naitafuta kwa kupapasa. Nilimsikia huyo mnyama, nikaogopa hata kupiga kelele. Halafu nikasikia wimbo. Bibi yangu alikuwa akiuimba tukivuna ndizi. Sikuamua kujibu. Kinywa kilijibu chenyewe.”

“Umeingia nusu toni chini,” alisema Mama Esteria, akifuta machozi. “Lakini besi tunahitaji.”

*

Nyama iligawiwa jioni ile ile, na Mwinjuma na wenzake wakachinjiwa kuku ili furaha isiwapite. Afande Lwitiko alikula karibu na moto. Yunisi aliona kwamba anafikiri, akamwacha.

“Mama Yunisi,” alisema mwishowe. “Kwemvua mtatumia ya wimbo. Milima yenye wezi wengi sijui bado. Nitawauliza walinzi wenyewe, kama ulivyomwuliza shemeji yako. Nilikuwa sijafikiria kuwauliza.”

“Mungu akubariki, afande.”

“Lakini nina swali. Asiyeweza kusikia je? Asiyeitikia kwa sababu hajasikia?”

Singano, aliyekuwa akiigiza kwa mara ya tano jinsi dume lilivyokuja, akaacha mikono hewani.

Walikuwa naye. Mzee Kihiyo, mfuga nyuki wa kule juu msituni, hakusikia tangu kuzaliwa. Watu walimsalimia kwa mkono kifuani naye akawajibu vivyo hivyo, walimpenda, walinunua asali yake. Na katika furaha yao yote, hakuna hata mmoja aliyemkumbuka.

“Nilimsahau,” alisema Yunisi polepole. “Bwana anisamehe, nilimsahau kabisa.”

Jumapili baada ya ibada hakungoja chai. Alibeba chungu cha wimbo, akapanda na Singano na Mama Esteria, na afande nyuma yao na kioo chake kimoja. Mzee Kihiyo aliwapokea kwa mikono miwili. Yunisi alimwonyesha koti lake lililokuwa msumarini, akaonyesha chungu, akaonyesha kifua. Mzee alinusa ile rangi, akakunja uso kwa harufu ya uji uliochacha, akacheka kicheko chake kisicho na sauti, akakubali. Yunisi akachora mstari mnene kifuani mwa koti na mwingine mgongoni, na kwa ishara akamfundisha kulilisha.

Kisha wakangoja king'ora. Ukungu uliposhuka, mzee alivaa koti akaenda kwenye mizinga yake kama kawaida, akamezwa na weupe. Singano alisogea upande wa pili wa bonde dogo, bastola mkononi bila risasi.

*Nani kaamka kabla ya jua?*

Matone yakawaka mkononi mwake. Na mbali, ndani ya ukungu, mstari mmoja wa kijani ukawaka nao.

Mzee Kihiyo alisimama. Alikitazama kifua chake. Aliangalia huku na huku, akakitazama tena, na taratibu akaelewa kwamba kuna mtu anamwita. Akaweka mkono kifuani juu ya ule mwanga, akauinua juu.

“Anaitikia,” alisema Lwitiko.

Yunisi safari hii hakumziba mtu mdomo. Mama Esteria alijibu, afande akajibu kwa besi, na chini kijijini, wapalizi waliosikia wakajibu bila kujua kwa nini, shamba kwa shamba. Koti liliwaka mpaka mizinga ya nyuki ikaonekana. Walipomaliza ubeti likafifia, na mzee, aliyekuwa hajawahi kuona wimbo unavyokuwa, akawapungia mikono yote miwili kwa haraka: endeleeni, endeleeni!

Wakaendelea. Singano alikuwa ameshairudisha bastola kiunoni, maana kupiga makofi kunataka mikono miwili.